Pikipiki ya Kimo cha Mama

4 Machi

Mama ameamka na neno moja: anataka kwenda kumwona mdogo wake. Alilisema kabla hata hajanawa uso, nami nikamjibu "sawa, Mama" kwa ile sauti ninayowajibia wateja wanaotaka nguo ya harusi kesho asubuhi. Akanitazama.

"Usinipe sawa ya dukani," akasema.

Kwenda kwa Mama Mdogo si kazi ndogo. Gari hufika darajani, basi. Daraja lenyewe ni mbao zilizofungwa kwa nyaya. Pikipiki inapita, gari halithubutu. Baada ya hapo ni mlima, na nyumba iko karibu na kileleni. Mama Mdogo hawezi kushuka kwa sababu mume wake alipigwa na kiharusi na hali chakula ila akilishwa na mkewe. Mama hawezi kupanda kwa sababu nyonga ni mbovu, na daktari anasema moyo nao umechoka. Simu ndiyo kabisa. Mama hasikii vizuri, kwa hiyo hupiga kelele. Mama Mdogo hudhani anagombezwa, analia. Simu inakatwa kila mmoja amenuna.

Nikamkumbusha kwamba pikipiki za kukodi ziko tele.

"Nilishazipanda," akasema.

Kweli, mwaka jana. Alipanda kwa kigoda, kigoda kikateleza, na tangu siku hiyo nyonga haijawa nyonga. Kigoda tulikipasua kuni siku hiyohiyo, na hakitajwi humu ndani.

"Sishiki tena mgongo wa mtu nisiyemjua. Nikianguka, nianguke na mwanangu."

"Basi tuwaombe majirani wakubebe kwenye kiti."

"Mtu mzima hubebwa mara moja tu, na siku hiyo hana habari."

"Sasa nifanyeje, Mama?"

"Nunua pikipiki."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

7 Machi

Nimepata mwalimu. Alikuwa tarishi wa pikipiki kabla ya kustaafu, ya kunifundishia ataazima, na mtaa mzima unamwita Breki kwa sababu hana neno jingine. Aliniuliza kama najua baiskeli. Nikasema sijui. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akatazama uwanja wa mpira. "Angalau uwanja ni mpana," akasema.

Ana maneno makali huyu mzee. Simpendi.

8 Machi

Nimeanguka.

9 Machi

Nimeanguka upande wa pili. Breki anasema sasa niko sawa pande zote.

12 Machi

Leo nimempima Mama. Akipanda pikipiki hukaa upande, maana nyonga haikubali kutanua miguu. Kwa hiyo shida yake ni moja: kujisukuma kwa mikono hadi makalio yafike kwenye siti. Nilitaka kujua anafika wapi. Nilianza na kitanda, akakaa. Sanduku la nguo, akakaa. Juu ya sanduku nikawa naongeza vitambaa vilivyokunjwa, kimoja kimoja, na kila mara namwomba asimame akae tena, hadi akasema, "Hapa. Hapa ndio mwisho wangu." Nikapima kutoka sakafuni na kufunga uzi mwekundu kwenye futi yangu.

"Leo unanishonea nini?" akauliza akihema.

"Pikipiki."

"Isinibane."

Pikipiki yoyote ambayo siti yake haizidi uzi huu, hiyo ndiyo yetu. Nimelala nimefurahi. Kazi ikishakuwa na kipimo, kwangu imekwisha nusu.

15 Machi

Dukani. Pikipiki zimepangwa mstari, zinang'aa kama meno ya mtoto. Mwenye duka akaanza kunisomea nguvu za injini. Mimi nikatoa futi shingoni na kuinama.

"Dada, watu huuliza mafuta, huuliza spea. Wewe unaipima kama unaishonea suruali!"

Nikamwambia ndiyo kazi yangu. Nilipima zote. Zote zimezidi uzi, nyingine kwa kiganja kizima. Akanipandisha kwenye moja ndefu, nyekundu, eti nionje tu. Vidole vya miguu vikaning'inia hewani. Wateja wengine wakacheka, nami nikacheka ili nishuke kwa heshima.

Jioni kaka yangu akapiga simu. Yeye ni dereva wa lori, huwa yuko mbali, na mtu wa mbali hakosi ushauri.

"Chukua yenye nguvu. Mlima ule si mchezo."

"Yenye nguvu ni ndefu. Mama hataiweza."

"Si umnyanyue?"

"Njoo umnyanyue wewe."

Akasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Kila mwaka anakuja mwezi ujao.

18 Machi

Mvua imeanza.

21 Machi

Nimeona skuta. Siti iko chini ya uzi! Nilipima mara mbili. Haina gia za kunichanganya, na mbele pana nafasi ya kuweka kapu. Nilikwisha kuiona imeegeshwa barazani kwetu.

Breki akaizunguka, akaingiza ngumi yake chini ya tumbo la skuta, ikapita kwa taabu.

"Uwanjani itakupenda," akasema. "Kwenye tope la kule mlimani italala chini kama nguruwe. Na wewe na mama yako mtalala nayo."

Nikamwambia hajali shida za watu. Akasema anajali magoti yao. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimelowa chapachapa, na skuta nimeiacha.

22 Machi

Mvua.

24 Machi

Mvua. Miguu ya Mama imevimba. Nimefumua upindo wa soksi zake.

29 Machi

Nilikuwa nadarizi kola, Mama amekaa karibu na dirisha. Nikamuuliza anachotaka kumwambia Mama Mdogo, maana nikijua huenda nikampelekea.

"Sina la kumwambia."

"Sasa haraka yote hii?"

Akageukia dirishani.

"Ninyi wote mmenikuta mtu mzima," akasema. "Wewe umenikuta mama. Baba yako, Mungu amrehemu, alinikuta msichana wa kuolewa. Mimi nimewahi kuwa mtoto, unajua? Nimewahi kupigwa kwa kuiba sukari. Aliyebaki anayenijua hivyo ni yule mmoja. Nataka anitazame tu, basi."

 Nikachoma kidole kwa sindano kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

3 Aprili

Nimenunua! Ni ya mtumba, ya kijani, ilikuwa ya msambaza mikate. Imepauka na kioo kimoja hakipo. Breki aliisikiliza akiwa amefumba macho, akapapasa mnyororo, akaizima, akaiwasha tena ikiwa ya moto. Nikamwambia nilitarajia kitu kizuri zaidi.

"Pikipiki ya kwanza haitakiwi kuwa nzuri," akasema. "Inatakiwa ikusamehe."

Hii inasamehe. Nimeachia klachi vibaya, imeguna tu, haikuniangusha. Miguu yangu yote miwili inagusa chini. Siti ya nyuma imeuzidi uzi, lakini kidogo, na sponji ya siti ni kitu cha kukatwa. Hapo sasa wamefika kwangu.

6 Aprili

Nimefumua siti, nimepunguza sponji, nimeshona kava jipya kwa kitambaa cha turubai. Mshono wa pande mbili, maji hayaingii. Nimepima: uzi mwekundu na siti ni ndugu. Kesho mvua ikikatika, Mama anajaribu.

8 Aprili

Mvua ilikatika asubuhi. Nikaegesha pikipiki barazani, Breki akashika usukani, jirani yetu muuza mkaa akasimama upande wa pili. Mama akatoka amevaa gauni lake la bluu, amechana nywele. Alikuwa amejiandaa kwenda, si kujaribu. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Akaigeuzia siti mgongo, akaweka viganja, akajisukuma. Hakufika. Akapumzika, akajisukuma tena. Mikono ikawa inacheza. Mara ya tatu alifumba macho, midomo ikabadilika rangi, Breki akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Dada, mwambie apumzike."

Nilichukua futi. Siti iko palepale kwenye uzi. Nikamkalisha Mama juu ya sanduku na kuanza upya na vitambaa, mbele ya watu wote, nikiwa kama mwendawazimu. Hakufika kwenye uzi. Hakufika hata karibu. Kile kipimo kilikuwa cha mwezi uliopita, na Mama wa mwezi uliopita hayupo.

Kila fundi anajua kuacha nafasi ya mshono. Mtoto anakua, bibi harusi ananenepa, nawaachia wote. Mama yangu mwenyewe nilimpima kama mtu ambaye hatabadilika.

Alipokwisha kulazwa kitandani akanishika mkono. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Umehangaika bure."

Yeye ananiomba mimi msamaha! Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya nyumba, na muuza mkaa akajifanya anatafuta kuku.

9 Aprili

Sikushona. Sikuendesha.

12 Aprili

Breki amekuja na fundi pikipiki, wote wameloa. Wameshusha springi za nyuma, nami nimekata sponji tena. Bandubandu huisha gogo. Sasa siti imebaki ngozi na mfupa. Nilipotaka kuwalipa, Breki alinikaripia kama vile nimeachia klachi ghafla. Nilimwona akisimama mlangoni kwa Mama, amevua kofia, akimwamkia kwa sauti kubwa ili asikie. Nilimwonea huyu mzee mwanzoni.

Nimempigia Mama Mdogo simu kumwambia tutakuja njia ikikauka. Mama amenikataza kumwambia hali yake ilivyo. "Usimtie hofu, ana mgonjwa wake." Kwa hiyo nilisimulia habari za pikipiki tu. Akawa mdadisi kweli.

"Siti yenu inafika wapi?"

"Chini ya kiuno changu kidogo."

"Kiuno chako ni wapi? Wewe ni mfupi. Nihesabie kwa viganja kutoka chini."

Nikamhesabia. Nikadhani ni maongezi ya wazee, na mume wake anamchosha, anataka tu sauti ya mtu.

14 Aprili

Kaka amepiga. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumtoshea wiki nzima. Lakini kabla sijafungua kinywa akaniuliza, "Bado anajua kwamba nipo?" Kisha nikasikia analia, na nyuma yake injini ya lori inanguruma. Akasema anaogopa kuja kwa sababu akimwona amelala hivyo hataweza kurudi barabarani. Miaka yote nilidhani hajali, kumbe ni woga. Maneno yangu nimeyameza.

17 Aprili

Breki amenifungia gunia la mchanga kwenye siti ya nyuma. "Huyu ndiye mama yako. Ukimwangusha, unamwomba radhi." Nimelipitisha gunia sokoni, nimelipandisha mwinuko wa shule. Nimeliangusha mara moja na nimeliomba radhi, watu wakinitazama.

Mchana nikafika darajani. Mbao zinateleza na mto umejaa, lakini nikapita, mimi na gunia. Nilikwisha kuvuka! Kutoka pale, bati la nyumba ya Mama Mdogo linaonekana. Ningeweza kufika na kunywa chai. Nikageuza. Nilitaka mara ya kwanza nifike na Mama nyuma yangu.

19 Aprili

Mvua usiku na mchana.

21 Aprili

Mama haketi tena bila kushikiliwa.

22 Aprili

Daktari amekuja. Amesema nimpe anachotaka kula. Nikamuuliza kuhusu safari, akatazama pikipiki barazani, akafunga mkoba wake taratibu.

24 Aprili

Leo Mama ameniomba niiwashe. Nimeisogeza chini ya dirisha la chumba chake, nikapiga kiki, nikarudi ndani mbio. Alikuwa ameweka mkono ubaoni mwa kitanda, anausikia mtikisiko zaidi kuliko sauti.

"Tumefika wapi?"

Nikasema tumefika darajani.

"Nenda polepole. Mbao zinateleza."

"Naenda polepole, Mama."

"Tumevuka?"

"Tumevuka. Nyumba naiona."

Akatabasamu na kufumba macho. Nilibaki nimemshika hadi mafuta yakaisha na injini ikazima yenyewe.

27 Aprili

Mama amefariki alfajiri.

28 Aprili

Kaka atafika kesho, ndipo tutamzika. Wanawake wa mtaani wamo ndani pamoja naye. Mama Mdogo hakuwa ameambiwa. Habari hii sikuweza kumpigia simu, wala sikutaka kumtuma mtu. Nikachukua funguo. Breki akataka kunisindikiza, nikakataa. Akaniangalia tu nikivaa kofia ngumu, na kwa mara ya kwanza hakuniambia neno lake.

Mvua ilikuwa imekatika tangu jana. Nilivuka daraja, nikapanda mlima kwa gia ya kwanza, tope likinirukia hadi magotini. Pikipiki haikunisumbua hata kidogo. Ingempandisha Mama vizuri sana. Jambo hilo liliniuma njia nzima.

Mama Mdogo alisikia injini kabla sijafika. Nilipokata kona alikuwa amesimama mbele ya nyumba amevaa gauni safi, kitambaa kichwani, uso umepakwa mafuta. Alikuwa anatabasamu na kuchungulia nyuma yangu.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi? Umemwacha darajani?"

 Nilivua kofia, nikasimama. Akaitazama siti tupu, akanitazama mimi, akaitazama tena siti. Kisha akaketi.

Aliketi juu ya kitu ambacho sikuwa nimekiona. Palikuwa na tuta mbele ya mlango, la mawe na udongo ulioshindiliwa, lina ngazi mbili fupi upande mmoja, na juu limewekwa jiwe pana lililosuguliwa. Limekaa imara kama limeota. Nilikaa chini pembeni yake kwenye tope. Tulilia hadi mume wake akaanza kuita kutoka ndani kwa ile sauti yake isiyo na maneno.

Aliporudi kutoka kumtuliza, nikamuuliza tuta ni la nini.

"La kumshushia dada yangu," akasema. "Na la kumpandishia akiondoka. Ulinipa viganja, si ndiyo? Nikaondoa kimo cha kiti. Anasimama hapa, anakaa tu kwenye siti kama anakaa kwenye kiti. Kila mvua ikikatika nilibeba mawe." Akanionyesha mikono, imepasuka yote. "Nilijua na kwenu mmeshajenga la kwenu. Si mlijenga?"

Niliangalia tuta lile. Mwezi mzima na zaidi nilikuwa nashusha pikipiki. Nilikata sponji, nikashusha springi, nikapima na kupima. Kuinua ardhi hakukunijia akilini hata siku moja. Ndivyo tulivyo mafundi cherehani: mteja anasimama alipo, kinachorekebishwa ni nguo. Ningerundika mawe barazani mwezi wa tatu, mvua haijaanza, Mama bado ana nguvu, basi pikipiki yoyote pale dukani ingefaa, hata ile ndefu nyekundu, mradi niiendeshe mimi, au nimwombe Mama amkubali Breki. Angefika. Angekaa hapa penye jua, akatazamwa na mdogo wake. Nililia upya, na safari hii nilikuwa najililia mwenyewe.

Sikumficha. Nilimwambia hatukujenga.

 Nilingoja anigombeze. Akasema tu, "Mngeniambia anaumwa hivyo, ningemwacha huyu mzee na jirani, hata kwa siku moja tu." Nikamwambia Mama ndiye aliyekataza. Akatikisa kichwa. "Alikuwa hivyo tangu mdogo. Akiumia, anafunga mdomo."

Alimwita jirani aje akae na mume wake. Akabadilisha viatu. Nikaisogeza pikipiki hadi kwenye tuta, akapanda zile ngazi mbili, akageuka, akaketi. Hakujisukuma wala kushika kitu. Makalio yakatua kwenye siti kwa wepesi, akanizungushia mkono kiunoni.

Tulishuka mlima polepole. Kabla ya daraja nikamsikia akijisogeza nyuma yangu, akitafuta mahali pa kukaa.

"Mbona siti yenu ngumu hivi, mwanangu? Nani aliikata?"

Nikamwambia ni mimi. Akanishika vizuri zaidi, tukaingia kwenye mbao.